Vidonge vya Mama Furaha na Utaalamu Wangu wa Kabichi

Kama unasoma haya huku umeshika glasi ya maji ya kijani uliyoelekezwa na mutu fulani wa kwenye simu, iweke chini kwanza. Haitakimbia. Mimi ni Papa Shabani, mpishi mstaafu. Nilipikia wagonjwa miaka thelathini na moja katika hospitali moja karibu na Katindo, hapa Goma, na katika miaka hiyo niliona watu wakijitibu kwa vyakula ambavyo hata mbuzi angevikataa. Najua ninyi vijana hamna haja na ushauri wa mzee. Ndani ya simu zenu kuna daktari, kuna mganga, na kuna mwanamke mwenye meno meupe anayetibu tezi, tumbo na usingizi kwa kipande kimoja cha tangawizi. Basi nisomeni kama mnavyosoma tangazo la msiba, mkitafuta tu kama kuna jina mnalolijua.

Kwanza mjue kwamba kupikia wagonjwa ni kazi ya kufundishwa. Mimi nilifundishwa na Muzee Salumu, mpishi aliyetoka Kindu na sufuria moja na maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza nilipika maharagwe bila kuyaloweka, kwa sababu nilikuwa kijana, na kijana ana haraka hata pale asipokwenda popote. Kufika jioni, chumba cha waliopasuliwa tumbo kilikuwa kinaimba. Sitaeleza zaidi. Masere wa zamu, mtawa muuguzi, alifungua madirisha yote, na Muzee Salumu akanishika sikio mbele ya watu.

"Mutoto," akasema, "maharagwe inalala ndani ya maji mpaka asubuhi. Ile maji unamwanga, unaweka ingine. Povu ikipanda, unaitoa. Ao unazani tumbo ya mugonjwa ni ngoma ya harusi?"

Siku nyingine alinikuta nimeacha mfuko wa chumvi wazi kando ya moto. Hapo hakunishika sikio, alinipiga mwiko. Huku kwetu milimani udongo hauna ayodini ya kutosha, na zamani ungeona mama anashuka sokoni na rovu shingoni kubwa kama avoka. Ndiyo maana ayodini hutiwa kwenye chumvi. Ukiiacha chumvi wazi kwenye joto na mvuke, ile ayodini inaondoka zake bila kuaga, nawe unabaki unapikia watu mchanga wenye ladha.

Kwa hiyo nikaijua chumvi. Nikajua samaki ni mzuri. Nikajua mihogo michungu isipolowekwa vizuri inaongeza rovu kwa mtu ambaye ayodini imempungukia. Mambo matatu. Nikayabeba hayo matatu miaka mingi kifuani kama medali, na Muzee Salumu alipofariki sikuwa na mtu tena wa kunipiga mwiko. Nikajiita mtaalamu.

Mama Furaha alikuwa anatuletea jibini. Yeye ni mtu wa Masisi, anakaa Munigi, na kila barabara ya Masisi ilipokuwa inapitika alikuwa anashusha fromaji kwenye vikapu na kuizungusha mjini. Sauti yake ilifika jikoni dakika tano kabla ya miguu yake. Alikuwa anagombana na askari wa getini, anamsalimia mfagiaji, anamtukana mwenye moto, yaani pikipiki, aliyempakia, vyote kwa pumzi moja. Akiingia anaweka kikapu mezani, anakata kipande, ananitia mdomoni kabla sijasema kitu, halafu anauliza kama bado nina ujasiri wa kusema bei ni kubwa. Mke wangu alimpenda. Mimi nilimwogopa, na kwa mfanyabiashara wa jibini hiyo ni heshima kubwa.

Mwaka mmoja sauti yake ikaanza kushuka. Nilidhani mafua. Kisha uso ukavimba, macho yakawa madogo, akaanza kuvaa koti la baridi saa sita ya mchana, jua likiwa limewaka mpaka mawe ya volkano yanachoma miguu. Sokoni wakasema amelogwa. Wengine wakasema anaringa, ndiyo maana hasalimii. Watu wetu ni wepesi sana kugundua ugonjwa, mradi usiwe ule ulio mbele yao.

Siku moja akaketi kwenye kiti changu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na akaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi.

"Papa Shabani, dokta ameona ndani ya damu. Anasema tiroidi yangu imelegea. Amenipa komprime ya kumeza kila siku mpaka kufa. Sasa ni miezi mbili niko nameza. Sioni kitu. Baridi inaingia mpaka mu mifupa, tumbo inavimba na kuniuma, choo inakataa. Na usingizi hainitaki. Weye uko mupishi ya wagonjwa. Hakuna chakula ya kuponyesha hii?"

Hapa tusimame. Tiroidi ni tezi ndogo iliyokaa mbele ya shingo. Kazi yake ni kuuambia mwili uwashe moto. Ikilegea kila kitu kinapoa: moyo unakwenda polepole, tumbo linalala, akili inaingia ukungu. Vidonge vile vinaleta kile ambacho tezi imeshindwa kukileta. Na kama mtu anavimeza miezi miwili bila kuona kitu, kuna swali moja ambalo hata mjinga angeuliza: unavimeza vipi?

Mimi sikuwa mjinga. Mimi nilikuwa mtaalamu. Sikuuliza.

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikasimama katikati ya jiko, na nikasikia kinywa changu kikisema: "Mama Furaha, dawa ya kweli inatoka shambani." Sijui sentensi hiyo niliitoa wapi. Pengine chini ya gunia la viazi. Nikamwandikia rejime kamili, mpango wa chakula. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, kila siku. Chumvi aongeze. Na asubuhi na jioni anywe maji ya kabichi mbichi, niliyoyaponda mwenyewe kwenye kinu na kuyachuja kwa kitambaa safi. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba kabichi husafisha tumbo.

Ngoja niwaambie alichonieleza baadaye mtu aliyesoma. Kabichi mbichi kwa wingi ni kati ya vile vyakula ambavyo tezi dhaifu haivihitaji, na kwa tumbo linalovimba gesi ni sawa na kumwaga petroli jikoni. Na chumvi ukiijaza kupita kiasi, tezi haikushukuru, na presha inakucheka. Kati ya vitu vitatu nilivyomwandikia, kimoja tu kilikuwa na akili, nacho ni samaki.

"Na ile komprime?" akaniuliza.

Sasa sikilizeni utetezi wangu. Sikumwambia aache. Nilisema tu: "Tumbo yako imechoka, usiibebeshe mizigo mbili." Mnaona? Safi kabisa. Mwanasheria asingesema vizuri zaidi.

Akawa anakuja kuchukua chupa yake ya kijani. Wiki zikapita. Akavimba zaidi, nikamwambia sumu inatoka. Akaanza kusahau bei ya jibini yake mwenyewe, nikamwambia sumu inatoka. Hilo jibu, vijana, ni zuri sana, lichukueni bure. Mgonjwa akipona ni kazi yako, akizidi ni sumu.

Wakati huo hospitali ilikuwa imeajiri enfirmie mpya, muuguzi wa lishe, Masika, msichana wa Butembo mwenye miwani na daftari. Alipita jikoni akaniona naponda kabichi.

"Papa, hii ni ya mugonjwa gani?"

"Ni ya mutu wangu."

"Iko na shida gani?"

"Diplome yako haijafika pale," nikamwambia, na wapishi wote wakacheka. Nilifurahi sana siku ile. Nawaambia ili mjue furaha yangu ilikuwa na thamani gani.

Mvua zikaanza. Mama Furaha akapata kikohozi, na asubuhi moja jirani yake akamleta juu ya moto ya kukodi, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva ili asidondoke. Nilikuwa getini napokea makala, mkaa wa jikoni. Nilimwona mkono. Ulikuwa umening'inia, umevimba, rangi ya mshumaa. Niliushika ili kumsaidia kushuka, nao ulikuwa baridi kama samaki wa soko la Kituku aliyekaa kwenye barafu. Nikamwita jina. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Walimwingiza mbio. Nilisikia dokta akisema kwamba moyo unapiga polepole mno, joto la mwili limeshuka, na kwamba mapafu yameingiwa na ugonjwa. Kisha akauliza, "Komprime zake anameza?" Jirani akasema hajui. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu cha makala. Nilijua. Nikanyamaza, nikarudi jikoni, nikamenya viazi vya hospitali nzima. Hakuna aliyeniagiza. Siku ile tulikuwa tunapika wali.

Siku tatu hakuongea la maana. Nilimpikia uji mwepesi wa mtama, nikawa naupeleka mwenyewe, na unarudi kama ulivyokwenda. Nimepika chakula kibaya mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuchukia sahani kama zile zilizorudi zimejaa.

Siku ya nne nilimkuta amekalishwa kwa mito. Dokta alikuwa kando ya kitanda.

"Mama, ni nani alikuambia uache dawa?"

Mama Furaha akaniangalia mimi na bakuli langu. Kisha akamwangalia dokta.

"Hakuna mutu. Niliacha miye mwenyewe."

Dokta akaandika, akaenda. Nikaketi pembeni ya kitanda. Nikamwambia, "Mama Furaha, ile kabichi yangu imekuua."

"Kabichi gani?" akasema polepole, kila neno likitafuta njia. "Sikuikunywa hata siku moja. Ilikuwa inanuka. Nilipatia simbilisi zangu, zile panya kubwa za kufuga chini ya meza. Zimenona sana." Akapumzika. "Maji yako niliwapa simbilisi, Papa Shabani. Neno lako ndio nilimeza. Ulisema nisibebeshe tumbo mizigo mbili. Nikatua ile ya dokta."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakuja kuchukua chupa?"

"Sokoni walikuwa wananikimbia. Kwako nilikuwa naulizwa umelala je."

Wazee hatulii mbele ya wagonjwa. Nilikwenda kulia stoo, nyuma ya magunia, halafu nikanawa uso na kwenda ofisi ya dokta. Nilimweleza yote: rejime, mizigo miwili, sumu inatoka. Nilikuwa tayari kuvua aproni na kuiweka mezani. Masika alikuwa pale akijaza fishi zake za wagonjwa, na hakuinua kichwa, jambo ambalo nililiona kama huruma.

Dokta aliweka kalamu chini. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Mbele ya kuacha, alikuwa anazimeza na nini?"

"Sijui, dokta."

"Hata miye sikumuuliza," akasema. "Masika, muende naye. Muulizeni."

Tukaenda. Masika akavuta kiti, akaongea naye kwa upole kuhusu asubuhi zake, anaamka saa ngapi, anaanza na nini. Na Mama Furaha, bila haraka, akatueleza. Anaamka alfajiri. Anachemsha maziwa ya Masisi, anatia majani ya chai mengi. Anameza kidonge kwa kikombe hicho, akisindikiza na kipande cha fromaji, kwa sababu dawa haimezwi na njaa. Halafu anatoka.

Masika akafunga daftari. "Mama, miezi yote mbili ulikuwa unapatia ile dawa maziwa na fromaji?"

"Kwani ni mubaya?"

Maziwa, jibini, chai nzito na kahawa vinaizuia dawa ile isiingie mwilini. Miezi miwili muuza jibini alikuwa akizika kila kidonge ndani ya jibini, na alipokuja kwangu analalamika kwamba kidonge hakifanyi kazi, mtaalamu akampa kabichi.

Basi tukaanza upya, na safari hii mimi nilikuwa mpishi tu. Masika alisema, mimi nikapika. Kidonge asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu. Halafu kungoja saa moja kamili bila kuweka kitu mdomoni. Dawa za kuongeza damu, alizokuwa pia amepewa, zikasogezwa mpaka mbali mchana, maana nazo hugombana na hii. Chumvi ya kawaida yenye ayodini, kiasi kile kile cha watu wote, ndani ya kopo lenye kifuniko, aitie chakula kikikaribia kuiva. Kabichi ruhusa, lakini iliyopikwa, na kidogo.

Tumbo lilitusumbua zaidi. Masika hakukataza kitu kwa kubahatisha. Alimpa Mama Furaha daftari na kalamu: andika ulichokula na tumbo limesema nini. Kisha tukawa tunaondoa chakula kimoja, tunangoja siku kadhaa, tunakirudisha, tunaangalia. Tukaondoa maharagwe, mabadiliko kidogo, na nilipoyaloweka kama alivyonifundisha Muzee Salumu yakarudi mezani kwa amani. Tukaondoa pilipili, hakuna kitu, na alifurahi mno. Tukaondoa maziwa ya kikombe. Siku ya tano alinitazama kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Ni maziwa," akasema. "Papa Shabani, miye mutu ya Masisi, tumbo yangu inakataa maziwa! Nitaambia watu nini?"

"Usiwaambie kitu. Wauzie."

Jibini iliyokaa na kukomaa ilimkubali, kipande kidogo cha mchana. Kwa hiyo biashara iliokoka, na mimi niliendelea kutiwa vipande mdomoni kwa nguvu.

Usingizi ulikuwa wa mwisho kurudi. Alikuwa anakunywa chai nyeusi mchana kutwa ili ajipe nguvu, halafu anashangaa macho yanabaki wazi. Tukaikata chai baada ya chakula cha mchana. Foufou nzito ya usiku, ugali wetu wa mihogo, ikasogezwa mapema jioni na ikapungua ukubwa, samaki na lengalenga, mchicha wetu, vikaongezeka. Lakini msije mkasema ni mpishi aliyemlaza. Masika alinionya mapema, na dokta alirudia: chakula kilisafisha njia, kidonge ndicho kilichopita. Bila kidonge, lengalenga zangu zingekuwa mapambo ya kaburi.

Nilijua amefika nusu ya njia ya kupona siku niliposikia matusi kutoka getini. Askari alikuwa amemwuliza ana nini ndani ya kikapu. Wapishi wote tuliacha visu tukasikiliza, kama watu wanaosikiliza kwaya.

Dokta hakunifukuza. Alifanya kitu kibaya zaidi: kila Alhamisi, wagonjwa wa nje wakisubiri kwenye mabenchi, nilisimama mbele yao na aproni yangu nikawaeleza nilivyokaribia kumuua Mama Furaha. Mara ya kwanza niliongea nikitazama viatu vyangu. Mara ya kumi nilianza kupenda kidogo, na Masika akanipunguzia muda. Watu walicheka kwenye simbilisi. Nilipofika kwenye moto na kitenge, hawakucheka. Kila Alhamisi, baada ya hapo, kulikuwa na mtu mmoja au wawili waliobaki nyuma na kumnong'oneza Masika kwamba nao wameacha dawa zao.

Kisha ikafika siku ya kontrole, kupimwa damu tena. Mama Furaha alileta karatasi jikoni, akaiweka juu ya meza ya unga. Mimi sisomi mambo hayo. Masika alisoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Mama, tiroidi iko sawa. Kila kitu iko mahali pake."

Tulipiga makofi. Mtu aligonga kifuniko cha sufuria. Mama Furaha akangoja tumalize, akakunja karatasi yake vizuri, na kwa ile sauti yake yote akasema:

"Aksanti Mungu. Basi sasa naweza kuacha komprime."

"Hapana!" Jiko zima. Hata mfagiaji, ambaye alikuwa nje.

Alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa anatutania. Nadhani alikuwa anatutania. Hata hivyo sikutulia, na asubuhi ya tatu, kulipokucha tu, nilipanda moto mpaka Munigi. Nilimkuta mbele ya nyumba yake juu ya jiwe jeusi, amejifunga kitenge, kikombe cha maji kimekwisha kando yake, mikono imekunjwa. Mbele yetu volkano ya Nyiragongo ilikuwa wazi, haina hata wingu.

"Umemeza?" nikauliza.

Akaangalia saa ya simu yake.

"Bado dakika makumi mbili niruhusiwe kula. Na weye, ulikula?"

"Hapana."

"Basi ikala chini, tungoje," akasema, akasogea kwenye jiwe kunipa nafasi.